Misimu tisa ya Gift Ngoepe, na kijana wako wa shotistopu

Swali la msomaji:

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mtu wa Kigoma, kwa sasa naishi na familia yangu Pittsburgh, Marekani. Kijana wangu ana miaka 14, anacheza besiboli shuleni na wamempanga shotistopu, yaani mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu. Kocha wake anasema mikono anayo, ila kwenye kupiga bado. Juzi nimeambiwa kwamba Mwafrika wa kwanza kufika Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani alifikia hapahapa, kwenye timu ya Pirates, na kwamba alisota ligi ndogo misimu tisa halafu akaishia kucheza mechi 41 tu. Naomba unieleze alipandaje, kwa nini muda wote huo, na je, hiyo ndiyo njia anayoiendea mwanangu? Mimi nimekulia kwenye soka. Kule kijana wa miaka 18 akiwa mzuri anaanza.

Jibu:

Salama, ndugu yangu. Nimefurahi kusikia kwamba kijana amepangwa shotistopu, maana makocha hawapeleki pale mtoto wa kubahatisha.

Uliyesimuliwa habari zake ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Jumatano ya tarehe 26 Aprili 2017, kwenye uwanja wa PNC Park ulio hapo mjini kwenu kando ya mto, Pirates walikuwa wakicheza na Chicago Cubs. Cubs ndio waliokuwa mabingwa watetezi. Mwaka mmoja nyuma walikuwa wamechukua ubingwa walioukosa kwa miaka 108. Mchezo ulipofika iningi ya nne, yaani kipindi cha nne kati ya tisa, meneja Clint Hurdle alimwingiza Ngoepe kulinda besi ya pili, kimoja cha vituo ambavyo mpigaji huvikimbilia. Kabla hata mpira haujarushwa, kecha (mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji) Francisco Cervelli alimfuata akamkumbatia mbele ya uwanja mzima. Dakika chache baadaye ikawa zamu yake ya kupiga. Aliyemrushia ni Jon Lester, mrushaji wa mkono wa kushoto, mtu mwenye pete tatu za ubingwa. Ngoepe akaupiga mpira ukapita katikati ya uwanja, akafika besi ya kwanza salama. Zamu yake ya kwanza Ligi Kuu, na mpigo wake wa kwanza. Pirates wakashinda 6 kwa 5.

Hapa niweke jambo moja sawa. Weusi wa Marekani walikuwa wameshaingia Ligi Kuu tangu Jackie Robinson mwaka 1947. Wa kwanza tunaposema Ngoepe maana yake ni wa kwanza aliyezaliwa na kulelewa barani Afrika. Alikuwa na miaka 27.

Sasa turudi alikotoka. Alizaliwa Januari 1990 Polokwane, enzi hizo ukiitwa Pietersburg, akakulia Randburg, Johannesburg. Mama yake, Maureen, alipata kazi ya usafi na jikoni kwenye klabu ya besiboli ya Randburg Mets, na klabu ikampa chumba kidogo ndani ya jengo lake. Mama na watoto wakaishi humo. Mlango wa chumba ukifunguliwa, uwanja ni huo. Wachezaji wenzake walikuja uwanjani kwa gari la baba mara mbili kwa wiki. Yeye aliamka pale, akalala pale, na mazoezi yakiisha taa zikazimwa, aliyebaki na uwanja ni yeye. Watu wakisimulia maisha yake hupenda kukazia umaskini wa chumba kile. Mimi nakazia ukaribu wake na udongo wa uwanja. Mikono ya shotistopu hutengenezwa na mipira maelfu kwa maelfu inayokimbia chini, na mtoto yule alikuwa na muda na mahali pa kuipata.

Mwaka 2008 aliitwa kwenye kituo cha mafunzo ambacho Ligi Kuu ilikuwa ikikiendesha Tirrenia, Italia, karibu na Pisa, kwa vijana wa Ulaya na Afrika. Miongoni mwa waliofundisha pale ni Barry Larkin, shotistopu wa Cincinnati Reds ambaye baadaye aliingizwa kwenye Jumba la Magwiji. Fikiria mtoto aliyejifunza nafasi ile Randburg anasahihishwa miguu na Larkin mwenyewe. Mwaka huohuo Pirates wakamsainisha. Akawa kijana mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kupata mkataba na klabu ya Ligi Kuu. (Wakati uleule Pirates walisaini pia vijana wawili wa India, Rinku Singh na Dinesh Patel, warusha mkuki waliopatikana kwenye shindano la televisheni. Wote watatu walicheza timu moja Florida mwaka 2009. Wale wa India hawakufika juu. Nawakumbuka kila ninapohesabu umbali aliotembea Ngoepe.) Machi 2009 alivaa jezi ya taifa lake kwenye World Baseball Classic, mashindano ya timu za taifa, na dhidi ya Mexico akapiga mipigo miwili iliyomfikisha moja kwa moja besi ya tatu. Timu yake ilifungwa vibaya, lakini jina lake likaanza kutajwa.

Unauliza kwa nini misimu tisa. Sahau soka kidogo. Kwenye soka klabu ina timu ya vijana, na mtoto akiiva anavuka uwanja wa mazoezi kwenda timu kubwa. Besiboli ya Marekani ina ngazi, na kila ngazi ni mji mwingine, ligi nyingine, basi jingine. Ngoepe alianzia ligi ya chini kabisa Florida mwaka 2009. Kisha akapelekwa State College, hapohapo Pennsylvania. Kisha West Virginia. Kisha Bradenton, Florida. Kisha Altoona, ambako kwa gari kutoka kwako ni kama saa mbili. Mwisho Indianapolis, ngazi ya mwisho kabla ya Ligi Kuu. Kila unapopanda, warushaji wanazidi kuwa wakubwa, na hila zao zinazidi. Aliyeng'ara Bradenton anaweza kuzama Altoona, na hilo lilimpata Ngoepe mwenyewe.

Na maisha ya njiani si mepesi. Miaka hiyo mchezaji wa ngazi za chini alilipwa chini ya dola 1,500 kwa mwezi, tena kwa miezi ya msimu tu. Mambo yalibadilika mwaka 2023, wachezaji wa ligi ndogo walipopata mkataba wao wa pamoja. Mwaka huo wa ngazi iliyo chini kidogo ya Ligi Kuu alianzia dola 35,800 kwa mwaka. Linganisha na kima cha chini cha Ligi Kuu mwaka 2017, dola 535,000. Kati ya Indianapolis na Pittsburgh, basi, kulikuwa na mlango mmoja tu, lakini nyuma yake kuna maisha mengine kabisa.

Glavu, yaani ufundi wa kulinda na kupokea mpira, siyo iliyomchelewesha Ngoepe. Nataka ulielewe hili kama baba wa shotistopu, kwa hiyo niruhusu nikae hapa.

Kutoka besi moja hadi nyingine ni mita 27 na nusu hivi. Mpigaji akishaugusa mpira, anafika besi ya kwanza kwa sekunde nne na pointi chache. Huo ndio muda wote alio nao shotistopu. Mpira unamjia chini, mara nyingine kwa kasi ya gari la barabara kuu, na unapogonga kijiwe au ukingo wa nyasi unabadili njia. Anatakiwa aufuate, aupokee, auhamishe kutoka glavu kwenda mkono wa kurushia, halafu aurushe mita 35 mpaka 40 ukiwa umenyooka, mwenzake wa besi ya kwanza audake kabla mguu wa mkimbiaji haujagusa. Akichelewa nusu sekunde kwenye hatua yoyote, mtu ameshafika.

Ukimwangalia Ngoepe akifanya kazi hiyo, cha kwanza unachokiona ni kwamba hana haraka. Mtazamaji mgeni hudhani mpira umempa nafasi. Sivyo. Miguu yake ilishaanza kutembea gongo lilipokuwa bado linazungushwa, kwa sababu alikuwa amesoma kecha ameomba mpira wa aina gani na mpigaji amesimama vipi. Anafika mapema, kwa hiyo anaonekana mtulivu. Hicho ndicho nilichojaribu kuwafundisha watoto kwenye viwanja vya shule Dar es Salaam, na nakiri ni kitu kigumu kukieleza kwa maneno: mikono mizuri huanzia kwenye macho na miguu. Mtoto anayerukaruka na kujitupa kwenye kila mpira hushangiliwa sana, lakini mara nyingi amejitupa kwa kuwa alichelewa kuondoka.

Kuna pia kazi ya kuwatoa wawili kwa mpira mmoja, ambayo shotistopu na mlinzi wa besi ya pili huifanya pamoja. Mmoja anaokota, anampa mwenzake anayekuja mbio juu ya besi, naye anageuka hewani na kuurusha besi ya kwanza huku mkimbiaji anateleza kwenye vifundo vyake. Ngoepe aliijua kazi hiyo kutoka pande zote mbili. Ndiyo maana siku ya kwanza Hurdle hakusita kumweka besi ya pili ingawa shotistopu ndiyo nyumba yake. Kijana wako ajifunze nafasi zote mbili, na besi ya tatu pia. Klabu ikihaha usiku kutafuta mtu wa kuziba pengo, inamchukua anayeweza kuziba mapengo matatu.

Kilichomchelewesha ni gongo.

Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na mpira wa kasi wa Ligi Kuu, kama kilomita 150 kwa saa, unafika kwa takriban sekunde 0.4. Ndani ya muda huo mpigaji anatakiwa autambue mpira, aamue, azungushe. Kuamua huko hakufundishiki kwa maelezo. Kunajengwa kwa kuona mipira mingi ya namna hiyo tangu ukiwa mdogo, mpaka jicho lizoee. Kijana wa Jamhuri ya Dominika akifika miaka 15 ameshakutana na warushaji wakali mamia ya mara. Randburg ilikuwa na mapenzi, ilikuwa na makocha wenye moyo, lakini warushaji wa kiwango hicho walikuwa wa kuhesabika. Ngoepe alianza kuona mipira ya namna hiyo siku baada ya siku akiwa na miaka 19, tena kazini, takwimu zikiandikwa. Juu ya hilo alikuwa akipiga kwa pande zote mbili, kulia na kushoto. Ni ujuzi mzuri, lakini maana yake ni kulea mipigo miwili wakati hata mmoja haujakomaa. Baadaye akabaki na upande wa kulia. Kwa maoni yangu angefanya hivyo mapema zaidi, ingawa ni rahisi kusema ukiwa nje.

Mwaka 2013 ulikuwa mzito kuliko yote. Mama yake alifariki mwaka huo. Yule aliyefagia jengo la klabu ili mtoto apate uwanja hakumwona akiwa na jezi ya Ligi Kuu. Msimu uleule Altoona gongo lilimgomea kabisa, akarudishwa Bradenton, ngazi moja chini. Wengi wakirudishwa namna ile, hasa wakiwa mbali na kwao, hawarudi tena juu. Yeye alirudi Altoona, akavuka hadi Indianapolis mwaka 2015, na mwaka huohuo Pirates wakamwandika kwenye orodha ya watu 40, orodha ambayo klabu huitumia kuwalinda wachezaji wasichukuliwe na wengine. Wakati ule gongo lake lilikuwa bado halijaridhisha. Walichokilinda ni glavu.

Kisha ikaja bahati, na sioni aibu kuitaja. Mwaka 2017 mchezaji wa Pirates wa besi ya tatu, Jung Ho Kang, alikwama kwao Korea kwa kukosa viza ya Marekani, na katikati ya Aprili mwenzake Starling Marte akafungiwa mechi 80. Kikosi kikawa na matundu. Mtu wa Indianapolis aliyeweza kulinda popote upande wa ndani akapigiwa simu.

Alicheza mechi 28 na Pirates msimu ule, wastani wake wa kupiga ukiwa .222, yaani mipigo 12 katika majaribio 54. Novemba akahamishiwa Toronto Blue Jays. Mwaka 2018 akacheza nao mechi 13, akapata mpigo mmoja tu katika majaribio 18. Hizo ndizo mechi 41 ulizoambiwa. Ligi Kuu haikumwita tena.

Neno lako "akaishia" limenikaa moyoni, ndugu yangu, kwa hiyo nijibu waziwazi: hakufeli. Ukienda PNC Park utaiona sanamu ya Bill Mazeroski, mlinzi wa besi ya pili wa Pirates aliyepiga homurani (mpigo unaovuka ukuta wa uwanja) ya ubingwa mwaka 1960. Wastani wake wa maisha ni .260, si wa kutisha hata kidogo, lakini mwaka 2001 aliingia Jumba la Magwiji kwa sababu hakuna aliyegeuza mpira juu ya besi ya pili kama yeye. Enzi zake klabu ilivumilia gongo jepesi kwa mtu wa ndani mwenye glavu ya dhahabu. Enzi za Ngoepe uvumilivu huo ulikuwa umepungua sana, kwani shotistopu wa sasa hutakiwa apige homurani pia. Alikuwa na ufundi wa kiwango cha juu kwenye nusu ya kazi, na nusu ile ikambeba kutoka chumba cha Randburg mpaka mbele ya Jon Lester. Nusu ya pili ilianza kujengwa akiwa amechelewa miaka kumi, na si kwa kosa lake.

Baada yake mlango haukufungwa. Tayler Scott, mrushaji, naye mzaliwa wa Afrika Kusini, aliingia Ligi Kuu mwaka 2019 na Seattle Mariners. Uganda, jirani zetu, watoto wao walikosa viza ya kwenda kwenye fainali za dunia za Little League, besiboli ya watoto, mwaka 2011, wakashinda tena nafasi na kwenda mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Mwaka 2022 warushaji wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walisaini na Los Angeles Dodgers. Na Januari 2025 Pirates, hao hao wa hapo kwenu, walimsaini Armstrong Muhoozi wa Uganda. Mwambie kijana wako afuatilie jina hilo.

Ila njia yake yeye haitakuwa hiyo, na hapa wazazi wengi wahamiaji hupotezwa na watu wanaojiita mawakala. Ngoepe na Waganda hawa walisaini kama wachezaji wa nje ya Marekani. Kijana wako anakaa na kusoma Pennsylvania, kwa hiyo yeye yuko chini ya drafti, ule mgao wa kila mwaka ambapo klabu huchagua vijana kwa zamu, sasa kwa raundi 20. Hawezi kusainishwa na klabu akiwa na miaka 16, na yeyote atakayekuahidi hilo umwogope. Anaweza kuchaguliwa akimaliza sekondari. Akienda chuo cha miaka minne, husubiri amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Akienda chuo cha miaka miwili, anaweza kuchaguliwa mwaka wowote. Kwa mtoto mwenye mikono mizuri na gongo linalochelewa, mimi ningechagua chuo bila kusita. Anapata miaka ya kuona warushaji wazuri bila presha ya mshahara, na shahada anabaki nayo hata goti likimkatisha tamaa.

Tazama pia alicho nacho ambacho Ngoepe hakuwa nacho: ana miaka 14 na yuko mahali ambapo mipira mikali anaweza kuiona kila wiki. Kazi ya kwanza, basi, ni gongo. Omba kocha wake amruhusu asimame kwenye boksi la mpigaji wakati warushaji wakubwa wa shule wanafanya mazoezi, bila hata kuzungusha, aangalie tu na kuita kwa sauti, "mpira wa kasi", "unaopinda", kabla haujafika. Mipira hamsini, mara tatu kwa wiki. Ni zoezi lisilo na gharama, na halimchoshi mkono. Akianza kuita sawasawa mara nyingi kuliko kukosea, ndipo muongezee kuzungusha. Na kama anapiga kwa kulia, mwache kulia.

Glavu ilelewe kwa njia ya nyumbani. Ukuta, mpira wa tenisi, mikono mitupu, dakika ishirini kila jioni, karibu na ukuta kadiri anavyoweza. Asitumie glavu kwenye zoezi hilo, ili vidole vijifunze kupokea kwa ulaini.

Na siku moja mpeleke PNC Park. Nunua tiketi za bei nafuu upande wa besi ya tatu, ndiko benchi la Pirates liliko, na mfike mapema, milango inapofunguliwa. Wachezaji wa ndani wakitoka kufanya mazoezi ya mipira ya chini, mwambie asiangalie mpira hata kidogo. Amchague shotistopu mmoja na aitazame miguu yake, kuanzia kabla kocha hajaupiga mpira mpaka unapotua besi ya kwanza. Mkirudi nyumbani akuonyeshe alichokiona, sebuleni, bila mpira.